Ndimu za Tahiti "za maabara": ninunue au nibebeshe mwenyewe?

Chipukizi_Muheza: Wakuu, habari za humu. Michungwa yangu ya Valencia imezeeka, naifyeka kidogo kidogo. Nataka kupanda ndimu za Tahiti, zile kubwa zisizo na mbegu. Kuna jamaa anauza miche ya chupa (ya kuoteshwa maabara), bei mara tatu ya miche ya kubebesha. Anadai maabara ndiyo inayoondoa mbegu, halafu mche unakwenda shambani kwa mizizi yake. Nitoe hela?

Mzee wa Kitalu: Mdogo wangu, hapo kwenye mbegu umepigwa fiksi. Tahiti imeumbwa hivyo: ina kromosomu 27 badala ya 18 za chungwa, seti tatu, kwa hiyo mbegu hazijiumbi. Bebesha kikonyo chake (kijiti chenye macho) juu ya mlimao, ndimu itatoka ileile.

Chipukizi_Muheza: Shikamoo mzee. Sasa maabara ya nini?

mama_miche: Faida ipo, tena kubwa, ila siyo hiyo aliyokuambia. Tristeza na greening, magonjwa ya michungwa na ndimu, husafiri ndani ya kikonyo. Mti mama ukiugua, kila mche uliobebesha umeugua. Maabara wanakata ncha ya chipukizi, sehemu moja au mbili za kumi za milimita, ambako vimelea mara nyingi havijafika, wanaipachika chini ya darubini kwenye mche mchanga uliooteshwa ndani ya chupa. Nyingi zinakufa (mkono ukitetemeka tu, basi). Inayoshika inapimwa, ikiwa safi inawekwa kwenye banda la wavu iwe mti mama. Vikonyo vyake ndivyo vinavyokwenda kubebeshwa kitaluni.

Mizizi yake yenyewe? Itazaa, ila umekosa shina la chini la kuchagua. Mdanzi (mchungwa mchungu) ukiwa shina la chini unavumilia kuoza shina, lakini chungwa juu yake likipata tristeza limekwisha. Mlimao unaivumilia tristeza na jua pia. Usifananishe na migomba au mkonge, hiyo ya chupa inapandwa moja kwa moja.

pwani_tupu: Mie ningemwambia anionyeshe mti mama na majibu ya vipimo. Akianza porojo, panda daladala urudi.

Chipukizi_Muheza: Nimeelewa. Nikianza na milimao?

Mzee wa Kitalu: Marahaba. Otesha mbegu mbichi, usizianike. Shina likifika unene wa penseli njoo na kisu kikali. Vikonyo tutatafuta vya mti uliopimwa.