Msaada wa haraka: mpira wa kupuliza kwenye rimu, utabanduka kweli?

MwanaKisauni: Assalaam aleikum wanajamvi. Gari lina rimu za rangi ya fedha, nami nataka ziwe nyeusi kwa ule mpira wa kupuliza unaobanduka, Plasti Dip, yaani rangi ya mpira ya kopo. Nimenunua makopo manne. Rimu moja nishaipuliza jana jioni, mikono miwili, yaani tabaka mbili. Leo nimejaribu kubandua kidogo pembeni, unatoka vipande vipande kama ngozi iliyoungua jua. Nikitaka kuirudisha rimu kama ilivyokuwa, utatoka wote? Ijumaa haiko mbali. Naombeni ushauri.

BintiTudor: Nyeusi imezoeleka, kaka. Gari la ndugu yangu lina rimu za shaba, likipita Nyali watu hugeuka. Jaribu shaba.

FundiMakupa: Mikono miwili ni michache, ndiyo sababu. Mpira huo hubanduka kama ganda la chungwa ukiwa mnene. Ukiwa mwembamba hukatika. Usikwangue. Osha kwa sabuni, kausha, kisha ongeza mikono mitatu minne juu yake, kila mkono ukingoja kama nusu saa. Uache kwa muda wa saa nne ukauke, halafu anzia ukingoni uvute polepole. Usipulize jioni, umande wa pwani ukishuka haukauki vizuri. Na breki ulizifunika? Nati ulizitoa?

MzeeWaLikoni: Mimi nilipulizia gari langu la biashara nikaacha miaka miwili. Kila siku ferini, upepo wa chumvi, jua. Siku ya kubandua, ng'o. Umekauka ukawa kama rangi ya kawaida. Nikaambiwa petroli huuyeyusha. Kweli huuyeyusha, lakini nilibaki na uji mweusi kila mahali, mikono ikinuka siku tatu, na mke wangu kawasha jiko la makaa hatua tano tu kutoka nilipo. Namshukuru Mungu hadi leo. Usijaribu petroli, mwanangu.

MwanaKisauni: Shukran mzee. Fundi, breki nilifunika kwa gazeti. Nati sikutoa. Rimu tatu zilizobaki nitazipuliza kesho, makopo nishayalipia na hayarudishwi.

FundiMakupa: Sijakuuliza makopo. Ijumaa kuna nini?

MwanaKisauni: Gari ni la ami yangu. Yuko Muskati, anarudi Ijumaa. Kaniachia ufunguo niwe naliwasha na kumpeleka bibi kliniki. Lakini hii si rangi ya kudumu, akichukia tunabandua. Na naamini ataipenda.

UstadhMdogo: Ndugu yangu, hiyo ni amana. Amana hurudishwa ilivyopokewa. Mtu akikuachia kanzu huitii rangi ukasema itatoka. Mpigie ami yako umuombe ruhusa, simu ni dakika mbili.

BintiTudor: Ustadh kasema kweli. Sisi marehemu babu alituachia kabati la msaji, mjomba akalipaka vanishi bila kuuliza. Miaka kumi na moja hawakusemezana.

FundiMakupa: Niambie: rimu uliyoanza nayo ni ya upande gani?

MwanaKisauni: Mbele kushoto.

FundiMakupa: Upande wa ukingo wa barabara. Uligonga?

MwanaKisauni: …Ndiyo. Juma lililopita, nampisha matatu, nikapanda ukingo wa saruji. Nilitaka zote ziwe nyeusi ili mkwaruzo usionekane. Ami ni mkali, na ndiye aliyenilipia karo. Siwezi kumtazama usoni.

MchunguziHuru: Jamani, uzi huu umetungwa. Asubuhi "gari lina rimu", mchana gari la ami, sasa limegonga. Kesho ami atakuwa ameshatua na polisi. Sisi hapa tunajibu ngano.

MzeeWaLikoni: Hata mimi nimeanza kutilia shaka. Nani anunue makopo manne kwa mkwaruzo mmoja?

MwanaKisauni: Wallahi si ngano. Niko hapa nimechuchumaa kando ya gurudumu. Mkwaruzo ni mrefu kama kidole cha kati, na nikipitisha ukucha juu ya mpira, unakwama palepale. Karibu na kidude cha kutilia upepo mpira umejikunja, ncha yake nyeusi imenata kwenye kidole. Nilidhani utafukia. Haujafukia kitu.

FundiMakupa: Mimi namuamini. Mpira hufuata umbo la kilicho chini, hauzibi shimo, na hilo mtu hulijua akishaligusa. Sasa weka rangi kando. Ukiendesha, usukani unatetema?

MwanaKisauni: Kidogo, nikifika 60.

FundiMakupa: Upepo?

MwanaKisauni: Hiyo ya kushoto nimejaza mara mbili wiki hii. Nilidhani ni msumari.

FundiMakupa: Tia jiwe gurudumu la nyuma, piga jeki, toa gurudumu hilo. Chukua maji ya sabuni, mimina kwenye mdomo wa rimu pande zote mbili, hasa wa ndani usiouona gari likiwa chini. Tazama mapovu.

MchunguziHuru: Haya, tunasubiri mapovu.

BintiTudor: Mwacheni kijana afanye kazi.

MwanaKisauni: Nimerudi. Upande wa ndani mdomo umebonyea, upana wa vidole viwili, na mapovu yanatoka hapohapo, madogo madogo, hayakomi. Juzi nilimpakia bibi kwenye gari hili tukavuka daraja la Nyali.

FundiMakupa: Lisitembee tena na rimu hiyo. Funga spea, upime upepo wake kwanza. Ukifika Makupa ulizia wanaonyoosha rimu za alumini, lakini waitazame kama ina ufa. Ikiwa na ufa, itafutwe nyingine. Nati kaza kwa spana ya msalaba, na pale zinapokalia futa mpira wote, usibaki hata utando.

UstadhMdogo: Na ami?

MwanaKisauni: Spea ina upepo, naifunga sasa. Muskati wametutangulia saa moja tu, hajalala bado. Nanawa mikono nimpigie.