Gemu ya Kilwa: mchezaji anatajirika akilala
Wasee, naunda gemu ya Kilwa miaka ya 1300, dhahabu inatoka Sofala (pwani ya Msumbiji ya leo), nguo na shanga zinatoka India. Shida mtu akishajaza ghala pesa inaingia yenyewe. Nifanyeje?

— Weka upepo buda. Kaskazi ilete majahazi kuanzia Desemba hivi, kusi iyarudishe kuanzia Aprili, ukichelewa kupakia umekwama na mzigo hadi msimu ujao na mabaharia bado wanakula wali wako.

— Na nguo ziliwe na mchwa. Pembe za ndovu ziache.

Haha sawa, na bei?

— Enda Gikomba, soko la mitumba Nairobi, bale (marobota ya nguo) zikifunguliwa. Alfajiri shati 300, saa nane muuzaji amepanda juu ya meza anaimba hamsini hamsini. Jahazi la kumi lifanyiwe hivyo, bei ishuke mzigo ukijaa sokoni.