Kidonda cha mguu wa mama kinalowesha bendeji kila baada ya saa chache. Nikifunge na nini?

Mtoto wa Ngamiani:
Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 63 na kisukari chake sasa kina miaka kumi na moja. Mwezi uliopita alishinda kutwa na kokoto ndani ya raba, hakuisikia. Nilipomvua soksi nikakuta damu. Sasa ni kidonda chini ya kidole gumba, upana wa kizibo cha soda, kina harufu na kinatoa maji ya njano yasiyoisha. Zahanati wametupa antibiotiki, wakasema tukisafishe na kukifunga kila siku.

Nafunga gozi na pamba asubuhi kabla ya kazi. Saa sita dada ananipigia: imelowa hadi shuka. Tukifungua, gozi imegandia, mama anauma upindo wa kanga asilie. Ngozi ya pembeni imekuwa nyeupe na kukunjamana kama vidole vya mtu aliyefua kutwa. Duka la dawa wameniuzia kipande cha sponji, eti kikae siku tatu. Shangazi kaja juu: kidonda kinataka hewa, kiachwe wazi kikauke. Nimsikilize nani?

Fundi Baiskeli:
Pole mkuu. Mimi nilichubuka goti, nikafungua vidonge vya rangi mbili nikanyunyiza ule unga juu, wiki moja kimekauka. Vikishindikana, asali.

Bi Nesi:
Fundi, wewe ulichubuka goti. Goti la kijana hupona hata ukilipuuza. Ule unga ukichanganyika na usaha unafanya ukoko, chini yake vijidudu wanakula raha mustarehe. Nimebandua sana makoko hayo, miaka 26 chumba cha vidonda. Asali inayotumika hospitali imepigwa mionzi kuua mbegu za vijidudu. Ya sokoni haijapigwa, na mara nyingi imeongezwa maji ya sukari.

Mtoto wa Ngamiani, shangazi usimkasirikie, hata sisi tulifundishwa hivyohivyo. Ila tangu 1962, George Winter alipojaribu kwa nguruwe kule Uingereza, imejulikana kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi haraka, karibu mara mbili ya kilichoachwa kikauke. Unyevu lakini, si dimbwi. Cha mama ni dimbwi, na huo weupe wa pembeni ni ngozi iliyolowa mno. Ukiiacha itachanika na kidonda kitapanuka.

Gozi inanyonya, ila ukiikandamiza inarudisha, na ikikauka inashikana na nyama changa. Ukiivuta unaing'oa nyama uliyoihangaikia wiki nzima. Kabla ya kufungua, mwagia maji ya chumvi (kijiko cha chai kisichojaa kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa), subiri dakika kumi. Spiriti weka kabatini.

Sponji ni nzuri, inayafungia maji ndani. Ikate ipite ukingo wa kidonda sentimita mbili kila upande. Hizo siku tatu ni za kidonda kisafi. Chenye vijidudu kikaguliwe kila siku, na doa likifika ukingoni badilisha hata kama ni usiku. Kikiwa na shimo, kuna aljineti, nyuzinyuzi za mwani zinazogeuka ute zikinyonya. Unailaza ndani bila kuishindilia. Zipo pia zenye madini ya fedha, zinapunguza vijidudu lakini hazichukui nafasi ya antibiotiki. Plasta zile nene zinazoziba kabisa, usiguse kwa sasa.

Hela ikigoma: chini gozi ya mafuta isiyogandia, juu gozi kavu tabaka kadhaa, halafu nje kabisa pedi ya kike mpya. Usicheke. Isiguse kidonda tu. Pembeni paka vaselini.

Sasa lililonitia wasiwasi. Harufu na maji mengi kwenye mguu wa kisukari, bendeji ni ndoo tu chini ya paa linalovuja. Mpeleke hospitali yenye eksirei kesho. Wachunguze kama kimefika mfupa, wakate nyama iliyokufa, wapime sukari, washike mapigo ya damu juu ya unyayo. Akipata homa, wekundu ukipanda mguu, au kidole kikiwa cheusi, usingoje kuche. Na nijibu: anakanyaga mguu huo?

Wa Paje:
Bi Nesi, huo mwani ndio huu wanaolima mama zetu hapa Unguja? Tumekaa juu ya dawa?

Bi Nesi:
Hapana baba. Wenu ni mwani mwekundu, unatoa karajinani ya kugandishia vyakula. Aljineti hutoka kwenye mwani wa kahawia, ule mkubwa wa bahari za baridi.

Mtoto wa Ngamiani:
Shikamoo Bi Nesi. Leo ni siku ya nne tangu uniandikie. Sukari ilikuwa 19, wamemwanzishia insulini. Eksirei haikuonyesha mfupa kuharibika, wametaka irudiwe baada ya wiki mbili. Daktari alikata nyama ya kijivu, kidonda kikawa kikubwa kuliko mwanzo, nikaishiwa nguvu nikakaa chini. Wameweka aljineti na sponji juu. Jana imebadilishwa mara moja tu, na ilitoka yenyewe, mama alikuwa anaongea na simu.

Kukanyaga ndiyo shida. Amepewa magongo, yameegemea ukuta. Asubuhi nimemkuta amesimama kwa kisigino anageuza maandazi.

Bi Nesi:
Marahaba. Kukatwa kikawa kikubwa ni kawaida, usiogope. Huyo mpe kigoda akae, maandazi ageuze mwingine. Na jiko lisogezwe mbali na miguu yake. Kokoto hakuisikia, kaa la moto atalisikia?