"WATU WA SUFURIA": leo nimetukanwa kando ya kijito, mbele ya mama mkwe

MamaPachaKayole (mwanzisha uzi)

Nimeingia nyumbani sasa hivi, viatu vina tope, leso bado iko kiunoni. Nikinyamaza nitapasuka, kwa hivyo nyamazeni nyinyi.

Mnamjua. Usijifanye humjui. Ile kambi ya msituni nje kidogo ya jiji, ya kijito na meza za saruji. Ukienda hata mara moja, unamjua. Yule mlinzi wa filimbi. Yule anayevaa jaketi zito la kijani jua la saa saba likiwaka na kutembea amefunga mikono nyuma akikagua majani. Jina lake sitalitaja. Kwanza silijui, pili filimbi inatosha.

Sasa. Mama mkwe ametoka Vihiga kuja kuona wajukuu. Mama MKWE, jameni, si shangazi wa kuokotwa stejini. Tangu afike anatazama ukuta wa ploti ya jirani kupitia dirishani na kuguna. Nikasema huyu mama apelekwe mahali pana miti na maji apumue. Nikaamka alfajiri nikapika pilau. Pilau ya nyama yenyewe, si ya kubahatisha. Nikaifunga na shuka, nikaipakata mapajani kwenye matatu kama mtoto mchanga, na bado konda akataka nauli yake.

Kiingilio nimelipa. Cha wakubwa, cha watoto, vyote kwa simu, ujumbe ninao. Getini soja aliinua kifuniko, akanusa, akafumba macho kidogo, akasema, "Pita, mama." Huyo Mungu ambariki.

Tukapata meza karibu na maji. Kijito kinapita, kima wako juu ya mti, mama mkwe amevua viatu, ametia miguu majini, anacheka. ANACHEKA. Mimi huyu mama tangu nilipwe mahari sijawahi kuona meno yake ya nyuma. Nikafunua sufuria.

Priiiii!

Akaja. Hakusalimu. Mama wa watu amekaa pale na mvi zake, hakuna hamjambo, hakuna karibuni. Alitoa kirungu akagonga kifuniko. Kong! Akasema: "Nyinyi ni wa kutwa. Hapa majini ni pa wenye mahema. Watu wa sufuria wanakaa kule juu kwa maegesho."

Watu wa sufuria.

Hapo ningemeza. Kwa shida, lakini ningemeza. Ila mama mkwe siku hizi sikio moja halishiki vizuri, akaniuliza, "Huyu kijana anasema nini?" Na yeye AKARUDIA. Hakuniachia mimi nimtafutie mama maneno ya kiungwana. Aliinama mpaka sikioni akasema neno kwa neno: "MAMA. NIMESEMA. WATU. WA. SUFURIA." Na kong ya pili juu yake. Msitu mzima ulinyamaza. Kima waliacha kutafuna. Kijito chenyewe nadhani kilisimama kidogo kusikiliza.

Na meza inayofuata, hatua chache tu, kuna watu wa viti vya kukunja. Jiko la gesi. Sanduku la barafu lina magurudumu. Soseji zinaruka mafuta. Hema hawana. Nimeangalia, hata kigingi cha hema hawana. Hao aliwauliza kama wangependa kuni.

Sufuria ina dhambi gani? Tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwenye misitu, mbuga na fuo zinazohifadhiwa. Sahani za kutupa, vijiko vya kutupa, chupa za maji za dukani, vyote vinabaki nje ya geti. Sasa mtu akija na sufuria yake na sahani za bati si ndiye wa kupigiwa makofi? Nimetii sheria mpaka mgongo unauma, halafu nagongewa kong.

Tulihama. Mimi nimeshika sikio hili la sufuria, mama mkwe sikio lile, watoto nyuma na sahani, watu wa soseji wanatazama. Pilau tumeila tukiangalia tairi za basi. Njia nzima mama hakusema kitu. Tulipofika mlangoni akasema tu, "Kwa hivyo sisi ni watu wa sufuria," akaingia kulala. Saa kumi na mbili jioni!

Asiniambie mtu nitulie.

KondaMstaafu

Yule wa FILIMBI! Hahaha, kumbe bado yuko! Mimi alinikuta nimelala nyasini, nimefunika uso na gazeti. Akapiga filimbi juu ya gazeti. Eti nyasi ni za kutazama.

FundiWaGithurai

Mtoto wangu alirusha jiwe majini. Jiwe moja. Akaambiwa aingie alitoe.

KondaMstaafu

Akalitoa?

FundiWaGithurai

Alitoa lingine. Filimbi ikalia tena, hilo halikuwa lenyewe.

MsomajiTu

Samahani dada, nina swali dogo. Sufuria ilikuwa ya ukubwa gani?

MamaPachaKayole

Ya kawaida tu. Ya watu ishirini hivi.

MsomajiTu

Na mlikuwa wangapi?

MamaPachaKayole

Watano. Hiyo inahusiana vipi na kong? Alirudia! Kwa mama mwenye sikio bovu! Nyinyi mnapima sufuria!

MlinziWaMiti

Bila kumtetea mtu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inakataza kuwasha moto msituni bila ruhusa. Mlinzi akiona sufuria kubwa hufikiria mafiga matatu na kuni zilizovunjwa mtini. Jiko la gesi halimshtui hivyo. Pia kukaa karibu na maji si mchezo. Mei 2024 Mto Talek ulifurika kule Masai Mara, kambi zikaingia maji na watalii wakatolewa kwa helikopta.

MamaPachaKayole

Moto gani? Pilau ilikuwa ya moto TAYARI. Na hicho kijito chenu kinafika kwenye kifundo cha mguu. Helikopta ije kubeba nini, sufuria?

KondaMstaafu

Ije tu. Ya watu ishirini haiingii kwa boda.

NyanyaMtandaoni

Pole mwanangu. Huyo kijana hakulelewa. Lakini na wewe, mama mkwe unampeleka msituni kwa matatu? Wakati wetu mkwe alikaa kwenye kiti kizuri, akaletewa chai, akaangalia albamu ya harusi mpaka aombe kurudi kwake.

KijanaWaRongai

Dada, achana na hiyo kambi. Nenda Karura. Hekta elfu moja na kitu, maporomoko yapo, mapango yapo, unatembea mpaka unasahau uko Nairobi. Wangari Maathai alipigwa pale Januari 1999 akiuzuia msitu usigawiwe wanyakuzi. Mama alitokwa damu ili wewe ule pilau kwa amani.

MkaziWaKaren

Au Oloolua. Mto Mbagathi, pango, mianzi, na pa kupiga hema pia papo.

MamaPachaKayole

Sikuuliza niende wapi. Nimekuja kulalamika.

KijanaWaRongai

Hata Arboretum. Miti imekuwapo tangu 1907, na Mto Kirichwa Kubwa unapita pale pale.

MamaPachaKayole

JAMANI.

ChapatiMbili

Nyinyi mna bahati mmeonewa na binadamu. Mimi kwenye bustani moja mjini kima alishuka, akafungua mfuko wangu, ZIPU, akafungua zipu, akatoa chapati akaacha ndizi. Mtu anayeniambia kima hula ndizi simwamini tena.

MpigaPichaMnyonge

Afadhali chapati. Mimi kwenye msitu mmoja nililipishwa zaidi kwa sababu kamera yangu ina lenzi "ndefu". Nikauliza ndefu kuanzia wapi. Soja akapima kwa shibiri. Akasema ingekuwa fupi kidogo ningepita kama mtalii wa simu. Na niliyekuwa nampiga picha ni mpwa wangu, amehitimu chekechea.

FundiWaGithurai

Shibiri yake au yako?

MpigaPichaMnyonge

Yake. Ana mkono mdogo, hapo ndipo nilipoumia.

MwanakwayaAliyechoka

Shida ya hizi sehemu za kutwa si filimbi wala sufuria wala lenzi. Ni SPIKA. Umeenda kusikia ndege na maji, kumbe kuna sherehe tatu za kuzaliwa na kila moja imekuja na spika yake. Ndege wote wamehamia Machakos. Huyo wa filimbi akisikia spika hugeuka kiziwi, akisikia kifuniko cha sufuria anakimbia mbio.

MamaPachaKayole

ASANTE. Mmoja amenielewa. Kifuniko ndicho alichokijia. Kong, mbele ya mama mkwe, halafu kong tena.

MwanakwayaAliyechoka

Mimi nilikuwa nazungumzia spika.

MtuWaLikoni

Kabla hatujaenda mbali. Hiyo pilau ilitiwa viazi?

MamaPachaKayole

Ndiyo, vichache. Kwa nini?

MtuWaLikoni

Basi. Nilikuwa upande wako.

KijanaWaRongai

Viazi vina ubaya gani? Bila viazi hiyo ni wali wa kahawia.

MtuWaLikoni

Nyinyi wa Nairobi mtatia hata kabeji. Nilialikwa Umoja nikakuta karoti. Nimekaa kimya kwa heshima ya mwenye nyumba, lakini moyoni nilikuwa nimeshafika Mtito Andei narudi zangu.

NyanyaMtandaoni

Karoti hutia rangi.

MtuWaLikoni

Shikamoo nyanya, lakini hapana. Rangi ni ya kitunguu kilichokaangwa mpaka kikalia.

MwekaHazina

Habari za jioni. Naingia kwa upole. Mwanzisha uzi, hiyo sufuria ukiipindua, chini ina herufi mbili za rangi nyekundu ya kucha?

MamaPachaKayole

Sufuria nyingi zina rangi ya kucha.

MwekaHazina

Ni kweli. Nauliza tu kwa sababu sufuria kubwa ya chama haijaonekana tangu matanga ya Njiru. Tulifanya mkutano. Watu waliapa. Mmoja alilia. Na wewe ndiye uliyesema tumshuku mama wa viazi vitamu.

MsomajiTu

Kong.

KondaMstaafu

Hahahaha. Hii sufuria imetembea Nairobi nzima kuliko mimi nikiwa kazini.

MamaPachaKayole

Mweka hazina, hiyo ni mada nyingine. Fungua uzi wako.

MwekaHazina

Nitafungua. Imerudi na kifuniko lakini?

FundiWaGithurai

Kifuniko kiangaliwe, kimegongwa na kirungu mara mbili. Mimi hunyoosha, bei ya rafiki.

NyanyaMtandaoni

Sufuria za chama ndivyo zilivyo. Yangu ilienda harusi moja Kariobangi ikarudi bila sikio. Nilipouliza, nikaambiwa ndivyo ilivyokuja. Na mimi ndiye niliyeinunua.

ChapatiMbili

Vijiko je? Mimi nilitoa dazeni, vikarudi kumi, na kimoja si changu.

MwanakwayaAliyechoka

Thermosi ndiyo hairudi kabisa. Thermosi ikitoka nyumbani, iage.

MlinziWaMiti

Mimi nina swali la mada yenyewe. Kama tatizo ni kwamba pale majini ni pa wenye mahema, si mtu aende tu na hema? Hata la kusimamisha kwa maonyesho.

KijanaWaRongai

Hapo umesema. Sufuria iingie ndani ya hema, filimbi ilie mpaka ichoke.

MpigaPichaMnyonge

Ninalo hema nauza. La watu wanne, nililitumia Ngong mara moja upepo ukanishinda. Vigingi vyote vipo.

MtuWaLikoni

Watu wanne wa Nairobi au watu wanne wa kweli?

MpigaPichaMnyonge

Watatu na mfuko.

ChapatiMbili

Bei gani? Na mwisho wako ni ngapi?

MpigaPichaMnyonge

Njoo kwenye ujumbe wa ndani, hapa kuna Mweka hazina.

MsomajiTu

Ndugu, hema bado lipo?

MpigaPichaMnyonge

Lipo. Zipu ya mlango tu ndiyo haifungi.

ChapatiMbili

Basi silitaki. Kima anajua zipu, sembuse mlango wazi.