Naomba msaada kuutambua mti wa miiba uliojiotea nyuma ya nyumba, Pongwe Tanga

Bint_Pongwe
Asalaam aleikum wadau, habari za jioni. Naomba mwenye kuijua miti ya porini anisaidie. Nyuma ya nyumba ya bibi huku Pongwe kuna mti wa miiba umejiotea kwenye mawe, hakuna aliyeupanda, uko kama kichaka kikubwa hivi lakini unampita mtu kwa urefu. Kiangazi kikali kile cha Januari Februari unapukutika wote inabaki miiba mitupu, halafu mvua ikigusa tu unatoa vijani vyekundu vizuri mno yani ukiwa mbali unaweza sema ni maua, baadae ndo vinageuka kijani cha kawaida. Vinakuja na viua vidogo vya manjano manjano na nyuki wanajaa kweli kweli.

Sasa shida ni kwamba hautoi tunda. Jirani anao unaofanana nao kabisa na ule wake unazaa vitunda vinaiva vinakuwa vyekundu mpaka vyeusi, watoto wa mtaa mzima wanashinda pale. Bibi anasema wote ni mchongoma, mjomba anasema huu wetu ni mkunazi uliokufa uzazi na anataka kuukata apanue banda la mbuzi. Nikaupiga picha kwa ile apu ya simu ya kutambua mimea ikaniletea Crataegus, nikasoma ni mti wa Ulaya nikachoka. Mie nataka nijue ni mti gani kabla panga halijapita, maana kivuli chake na wale nyuki navipenda.

kijana_wa_ngamiani
Mkunazi huo dada, huku Tanga kila kichaka cha miiba ni mkunazi

Mpenda_Misitu
Hapana mkuu, tusiende haraka hivyo. Mkunazi unautambua hata ukiwa hauna jani moja, angalia miiba. Inakaa miwili miwili pale jani linapoanzia, mmoja umenyooka mwenzake umepinda kama ndoana, ndo maana ukiingia mkunazini shati halitoki. Na majani yake yana mishipa mitatu inayoanzia chini kwenye kikonyo inapanda juu, ukiligeuza jani upande wa chini ni jeupe lina vinyoya. Kunazi lenyewe likiiva ni la manjano kwenda kahawia na ndani kuna kokwa moja gumu. Sasa dada kasema ule wa jirani vitunda vyekundu mpaka vyeusi, hapo kunazi limeshatoka.

Kuhusu Crataegus usihangaike nayo. Ni jamii ya waridi, kwao ni Ulaya, Asia, Afrika kaskazini na Amerika ya kaskazini, huku kusini ya Sahara hauoti porini. Waingereza wanaufanyia uzio wa mashamba, unatoa maua meupe ya petali tano kwenye Mei hivi na vitunda vyekundu vinakuja wakiingia msimu wao wa baridi, na majani yake yamechanwa chanwa pembeni. Kweli mkoa wetu una miti mingi ya kuletwa, pale Amani tu Wajerumani walianza kupanda miti ya nje toka 1902, lakini huu wa dada umejiotea kwenye mawe ya Pongwe joto lote hili. Apu imeona kichaka, mwiba na jani lenye meno ikarukia huko. Hizo apu ukizipa picha moja tu ya jani zinakisia, mti inabidi uutazame mwaka mzima.

Dada hebu nenda kaangalie vitu vitatu ndo urudi. Mwiba ni mmoja mmoja au miwili miwili? Majani yamekaa kwa kupishana kwenye tawi au yanatazamana? Na ukikata jani kunatoka maziwa?

Mama_Tongoni
Hilo la maziwa muhimu sana mwanangu, usiliache. Huku kwetu Tongoni vichakani kuna mtandamboo nao una miiba na vitunda vyake vinaanza vyekundu vinaishia vyeusi, mtu asiyezoea anauita mchongoma hapo hapo. Lakini mtandamboo majani yanatazamana mawili mawili, ukikata utomvu mweupe unatoka, na maua yake meupe yenye wekundu wekundu kwa nje yananukia vizuri kama asumini. Matunda ya mtandamboo tunakula yakiiva vizuri, ila watoto wafundishwe kwamba si kila kichaka chenye maziwa na kitunda cheusi ni mtandamboo, ipo jamaa yake yenye sumu kali. Mtoto asile tunda la porini mpaka mtu mzima anayelijua aseme.

Bint_Pongwe
Shikamoo mama, ahsante sana. Nimerudi kutoka kuangalia. Mwiba ni mmoja mmoja, umenyooka, unatokea pale jani linapokutana na tawi, na kule chini kwenye shina ipo mirefu inatisha. Majani yanapishana, pembeni yana meno meno ya duara duara sio makali. Nimekata hakuna maziwa kabisa. Nikaenda na kwa jirani nikakuta vile vile, miiba ile ile majani yale yale, tofauti ni matunda tu.

Mpenda_Misitu
Basi bibi yupo sahihi, huo ni mchongoma, wataalamu wanauita Flacourtia indica. Ni mti wetu wa asili, upo Afrika, Madagaska mpaka Asia. Wengine wanauita mgovigovi. Nasisitiza jina la kitaalamu kwa sababu huku mijini watu wanaita mchongoma ule mti wa uzio wenye maganda yaliyojikunja kama pete, mbegu nyeusi zina nyama nyeupe au ya pinki, ule umetoka Amerika ya kati na ni kitu kingine kabisa.

Sasa kuhusu kutozaa. Wala haujafa uzazi, huo wenu ni dume. Mchongoma unakuwa na mti dume na mti jike mbali mbali, kama mpapai, si unajua mpapai dume unatoa maua weee lakini papai huli? Ndo hivyo. Maua ya mchongoma hayana petali, ndo maana yanaonekana madogo na ya ajabu. Ukikuta ua ni kishungi cha nyuzi nyingi za manjano zimejazana, hilo dume. Ukikuta katikati kuna kitumba cha kijani na juu yake vijinyuzi vifupi vimetandaza, hilo jike, na hivyo vijinyuzi havidondoki vyote, hata tunda likiiva unaviona pale juu kama kitaji kidogo. Chukua tunda moja la jirani uangalie kichwani utakiona. Ulipasue pia, ndani utakuta mbegu kadhaa bapa sio kokwa moja, hiyo nayo inakuhakikishia sio kunazi.

Kwa hiyo mjomba mwambie hivi kwa heshima zote, akiukata huo dume na kama hakuna dume jingine karibu, jike la jirani halitapata chavuo na watoto wa mtaa watalia. Wale nyuki unaowaona kwako ndo wanaopeleka kule.

kijana_wa_ngamiani
Aisee hii ya dume na jike nilikuwa sijui, nimekula michongoma utoto wote. Tulikuwa tunalibinyabinya kwanza kwenye viganja mpaka lilainike ndo unakula, usipofanya hivyo linakukaba mdomo wote

Mama_Tongoni
Na likiwa jekundu bado ni chachu, subiri liwe zambarau ya kuiva kweli. Mimi huyachemsha na sukari kidogo yanakuwa jamu nzuri ya mkate. Halafu mwanangu mjomba wako ana hoja ya banda, msimpuuze. Mchongoma unavumilia kukatwa, ndo maana watu wanaufanya ua, mwambieni apunguze matawi ya upande wa banda tu, aanze na yale ya chini yenye miiba mirefu, na avae viatu vigumu sio ndala. Miiba iliyokatwa ikusanyweni yote mbuzi wasikanyage, au muizungushie banda lenyewe fisi na mbwa wasiingie.

Bint_Pongwe
Mjomba nimemsomea hii yote, amenyamaza kwanza halafu akauliza kama akitaka jike lake mwenyewe afanyeje.

Mpenda_Misitu
Apande mbegu za tunda la jirani, ila apande kadhaa sehemu tofauti tofauti, maana mche ukiwa mdogo hakuna namna ya kujua dume au jike mpaka utoe maua. Na dada mvua zikianza maua yakitoka piga picha ya ua kwa karibu kabisa, la kwenu na la jirani, uziweke hapa. Kwa miiba na majani mchongoma nina uhakika nao, hilo la udume nataka nilione ua lenyewe.