Jaketi la mvua la mtumba: Patagonia au The North Face?

Ngamiani_26: Wakuu, natafuta jaketi la kutembezea wageni msitu wa Amani masika. Gulio la Tangamano hapa Tanga yapo mawili, la Patagonia na la The North Face (kampuni za nguo za matembezi), bei sawa. Nasikia Patagonia ndiyo inayojali mazingira. Nichukue lipi, na nitajuaje lisilovuja?

FundiZipu: Jina weka kando, ligeuze ndani nje. Kinachozuia mvua ni utando mwembamba wa plastiki upande wa ndani, na joto la pwani na unyevu wake huula hata jaketi likiwa limetundikwa tu. Huanza kunata, hutoa harufu ya matapishi, kisha humenyeka kama ganda la kitunguu. Likifika hapo hakuna gundi wala fundi. Kunja kitambaa kama bakuli, mimina vijiko 3 vya maji, subiri dakika 10, papasa chini. Kujua umri: Patagonia nyingi zina lebo ndogo yenye namba inayoanza na STY; ikiishia FA17 ni toleo la 2017.

Magimbi: Kitambaa cha juu kikilowa na kuwa kizito, si lazima linavuja. Mara nyingi ni jasho na mafuta. Fua kwa maji vuguvugu na sabuni ya maji kidogo, suuza mara 2. Ya kulainishia nguo huacha mabaki yanayovuta maji. Jiki usiguse kabisa. Likikauka, piga pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa cha pamba. Maji yakisimama matone kama kwenye jani la gimbi, limepona.

Raskazone_kwetu: Patagonia kweli imejitofautisha: 2022 mwanzilishi wake, Yvon Chouinard, aliikabidhi kampuni kwa mfuko wa amana (trust) na taasisi ya kutetea mazingira. The North Face ni ya VF Corporation, kampuni iliyo kwenye soko la hisa. Ila kwenye mtumba hela yako haiendi kwa yeyote kati yao. Na Patagonia imeachana na PFAS, kemikali za kuzuia maji zisizooza, kwenye bidhaa zake zote mpya kuanzia 2025 tu, kwa hiyo la FA17 usilihesabu kuwa safi. Chukua lililo zima. Likichoka usilichome na takataka, lifunikie mzigo.

Ngamiani_26: Shukrani. La The North Face utepe wa mshono umebanduka begani, kama inchi 2.

FundiZipu: Safisha kwa spiriti, likauke, bonyeza kwa pasi vuguvugu juu ya kitambaa. Begani ndipo kamba za begi husugua, utabanduka tena. Mwambie apunguze bei.