Prado ya dizeli au ya petroli kwa mizunguko ya Mwanza?

Mnyegezi: Wakuu, nimepata Prado mbili za mkononi, bei zinakaribiana. Moja dizeli, injini 1KZ, nyingine petroli, 3RZ. Kila siku ni Nyegezi na mjini, mwisho wa mwezi Sengerema kwa wazee. Nichukue ipi?

Sangara_Kirumba: Dizeli! Sisi tunaopakia dagaa Mwaloni hatuna mjadala. Nguvu inakuja mapema, huna haja ya kuikamua injini ndipo upande mlima.

Fundi wa Igoma: Sangara, wewe unabeba magunia, mwenzio anabeba laptopu. Dizeli haina plagi za cheche. Inaibana hewa mara 14 hadi 22, inapata moto, nozeli ikipuliza mafuta yanawaka yenyewe. Petroli hubana mara 9 hadi 12 tu. Hapo ndipo dizeli inapookoa mafuta, na lita yake ina nishati zaidi kuliko ya petroli. Lakini pampu na nozeli hazitaki mafuta machafu wala yenye maji, na zikifa utalia. Halafu hiyo 1KZ ikichemsha hata mara moja, silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, huweza kupasuka. 3RZ ni ngumu, spea zipo kila kona, ila kwenye kunywa haina aibu.

Bi Kapripointi: Na bei za mafuta za EWURA, mamlaka ya nishati, mnazisahau? Hubadilika kila mwezi, na kuna miezi dizeli inaipita petroli. Faida ya ulaji inaliwa hapohapo pampuni.

Mnyegezi: Ila Sengerema siku hizi ni mteremko, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 hakuna kukaa foleni ya kivuko.

Fundi wa Igoma: Basi safari yako ndefu ni moja kwa mwezi. Kwa hiyo tu mimi ningechukua petroli. Kama moyo umeganda kwenye dizeli, ikague injini ikiwa baridi. Fungua mfuniko wa rejeta: ukiona mafuta yanaelea juu ya maji, geuka nyuma. Iwashe, utazame ekzosi. Moshi mweusi ukikanyaga, anza kushuku nozeli au chujio la hewa. Wa bluu, inakula oili. Mweupe usiokata hata ikishapata moto, usitoe hata shilingi.

Mnyegezi: Fundi, Jumamosi upo gereji?

Fundi wa Igoma: Nipo. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hatujafika.